Kadi ya Kwanza Usiiuze

  

Mimi ni mwinjilisti, si fundi wa karatasi. Cheti changu ni cha chuo cha Biblia, na kule hakuna aliyetufundisha kushika mkasi. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na akina mama na vijana hapa Kampala wanaojifunza kutengeneza kadi za Krismasi kwa mikono. Wengi wao wanaanza kabisa, hawajawahi. Wazee wa ushirika wakaniomba niseme neno juu ya kazi hiyo, halafu wakataka niliandike kwa ajili ya gazeti hili la kumbukumbu. Basi wewe unayesoma, soma kama tumekaa pamoja mkekani.

Kabla sijaenda mbali: najua wapo kati yetu wasioadhimisha tarehe 25 Desemba. Vita hiyo siianzi leo. Kama wewe ni mmoja wao, andika "Heri ya Mwaka Mpya" kwenye kadi yako, tusonge mbele.

Sasa sikia jambo moja. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni bwana mmoja mtumishi wa serikali, Henry Cole. Barua za salamu zilimjia nyingi, na hakuwa na nafasi ya kujibu kila mtu. Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, achore picha moja, kisha zikachapwa nakala kama 1000, na zile alizobakiza zikauzwa shilingi moja moja. Picha yenyewe ilikuwa ya jamaa wamekaa mezani wanainua glasi za mvinyo, na mtoto mdogo naye ananyweshwa! Watu waliopinga pombe walilalamika sana. (Naona mnavyotikisa vichwa.)

Mimi si mvinyo ulionishika kwenye habari hiyo. Kilichonishika ni kwamba kadi ya dukani ilizaliwa kwa sababu mtu hakuwa na muda wa kuandika. Na sisi leo tumempita mbali. Asubuhi ya Krismasi unafungua simu, picha ile ile ya mshumaa na maua mekundu imeletwa na watu kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyeandika jina lako.

Siikatai simu. Wapendwa wa Kigali na Kabale hawajasahau mpaka wa Katuna, ambao upande wa Rwanda unaitwa Gatuna, ulivyofungwa mwishoni mwa Februari 2019 hadi 31 Januari 2022. Katikati ya miaka hiyo ikaja korona, na Machi 2020 Uganda ikafunga mipaka yake kwa abiria. Bila simu tungekaaje? Tuliomba kwa simu, tulizika kwa simu. Lakini mpendwa, simu ikiibwa kwenye paki ya teksi, salamu zako zote zimekwenda nayo. Kadi inakaa. Fungua Biblia za akina mama wetu uone: ndani mna kadi ya mwaka fulani, imekunjamana, imeweka alama kwenye Zaburi.

Haya, tuingie kazini.

Anza na bahasha. Hapo ndipo wanaoanza wanapokwama, kwa sababu mtu anatengeneza kadi nzuri, kubwa, kisha hakuna bahasha inayoipokea. Nunua bahasha kwanza, kadi ipimwe kwayo. Ukikata karatasi ya A4 katikati, kila nusu ukaikunja mara moja, unapata kadi mbili zinazoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Tumia manila au karatasi nyingine ngumu. Kampala karatasi si shida, tuna mtaa mzima wa wachapaji, Nasser Road. Ukiwaomba wapiga chapa kwa heshima vipande wanavyokata pembeni, mara nyingine utarudi na mfuko mzima. Mahali pa kukunja, pitisha kwanza rula na kalamu iliyoisha wino, uache mchirizi. Manila ikikunjwa kwa nguvu bila mchirizi inapasuka, na kadi inaonekana imezeeka kabla ya kuanza safari.

Halafu byayi. Nyinyi wa nchi za matoke mnayajua: yale maganda makavu ya shina la mgomba, Waganda wanayafungia mizigo na kusokotea mipira ya watoto. Yana rangi zake yenyewe, kahawia ya chai, kahawia ya asali, mengine yana mistari myeusi ambayo hakuna mchoraji angeweza kuipanga. Yavue kwenye mgomba yakiwa yamekauka, uyapanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uyanyooshe na kuyalaza chini ya kitu kizito usiku kucha. Mimi hutumia kamusi. Biblia naiacha isomwe. Na usingoje Desemba! Mvua za hapa zinaanza Septemba hivi zikatuchukua hadi mwisho wa mwaka, na ganda lenye unyevu likigandishwa kwenye karatasi huota kuvu ndani ya bahasha. Kusanya Julai na Agosti jua likiwapo.

Gundi iwe kidogo. Uji wa muhogo au wa unga wa ngano unashika, nami sikukatazi, ila mende wanaupenda kama sisi tunavyopenda chapati, kwa hiyo nyeupe ya maseremala ni salama zaidi. Paka kwenye ganda, usipake kwenye kadi, anzia katikati kuelekea pembeni, halafu laza chini ya uzito.

Na picha gani? Kwa mtu wa siku ya kwanza, mpe nyumba: mraba mmoja, pembetatu moja juu yake, na nyota. Basi. Vipande vitatu. Mtu amalize kadi siku ile ile aliyoanza, aondoke nayo mkononi. Ukimwanzishia Mariamu, Yusufu, mamajusi watatu na ngamia, hatarudi wiki ijayo. Na theluji tuwaachie wenyewe. Huku theluji iko Rwenzori peke yake, nayo inazidi kuyeyuka. Wengine wakishazoea wanapenda kukata familia ile ikikimbilia Misri usiku, kama ilivyo Mathayo 2. Akina mama wa kutoka Kivu hawahitaji kuelezwa picha hiyo, na wala mimi sijawahi kujaribu.

Sasa nifike pale hasa ninapotaka kufika. Wewe unayefundisha, mkono wako uweke mbali na kadi ya mwanafunzi. Hili ni gumu kuliko kukata nyota. Unaona mtu anakata vibaya, vidole vinakuwasha, unasema "lete nikusaidie", na dakika mbili baadaye kadi imependeza lakini si yake tena. Wenye vipawa ndio hatari zaidi hapa. Soma Kutoka 35. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono, dhahabu, fedha, vito na mbao, na katika mstari wa 34 utaona kwamba yeye na Oholiabu walitiwa moyoni wawafundishe wengine. Wale wengine nao walifanya kazi. Hema haikujengwa na watu wawili.

Mama mmoja alikuja kwetu kutoka Kongo, umri wake naukadiria miaka sitini. Siku ya kwanza alikaa mikono imekunjwa. Akasema, "Mtumishi, mikono hii inajua jembe na mtoto tu." Siku ya pili alikata mraba. Ya tatu akapata nyumba na nyota, na nyota ile ilikuwa imelala upande kama mtu aliyechoka. Kijana aliyekuwa akimwongoza, mwenye moyo mzuri kabisa, akanyoosha mkono aibandue aiweke sawa. Mama akafunika kadi kwa kiganja. "Acha hivyo, mwanangu. Inakwenda kwa mdogo wangu Butembo, si kwa mfalme."

Kazi ilikuwa ndani. Mama yule hakuwa amesoma. Tulizoea kuuliza, "Tuandike nini?", na kijana anaandika kwa mwandiko wake mzuri. Safari hii tulimwandikia maneno ya salamu kama alivyoyasema, kisha tukaacha nafasi chini. Kwenye karatasi nyingine tukamwandikia jina lake kwa herufi kubwa. Akaliiga. Siku hiyo nzima aliliiga, na wiki iliyofuata, nyuma ya karatasi za matangazo ya ibada, hadi akasema yuko tayari. Herufi zake zilitoka kubwa, moja juu, nyingine chini, zikajaza nafasi yote hadi ukingoni.

Kadi ilikwenda na ndugu mmoja mfanyabiashara aliyepitia Mpondwe. Mwezi wa kwanza sauti ikaja kwenye simu ya kijana yule. Mdogo mtu anauliza, nani ameandika jina la dada yangu? Wakamwambia ni yeye mwenyewe. Kimya. Halafu anauliza tena, ni yeye? Tulirudia kumcheza mama sauti ile hadi chaji ikaisha.

Ndiyo sababu napenda miisho ya barua za Paulo. Waraka kwa Warumi uliandikwa na mkono wa Tertio, yumo humo akitoa salamu zake katika sura ya 16. Paulo alikuwa na watu wa kumwandikia. Lakini katika Wagalatia 6:11 anawaonyesha wasomaji herufi kubwa alizoandika mwenyewe, na katika Wathesalonike wa Pili anasema salamu ya mkono wake ndiyo alama katika kila waraka. Basi Tertio aandike salamu, hakuna ubaya. Mahali pa jina aachiwe mwenye jina, hata kama itachukua wiki mbili, hata kama herufi zitakuwa kubwa kama mihogo.

Nije kwenye fedha, maana najua swali limekaa midomoni. "Mwinjilisti, hizi kadi tuziuze?" Kuuza si dhambi. Ukienda kwenye maduka ya sanaa pale Buganda Road, au nyuma ya National Theatre, utakuta kadi za byayi zimepangwa, na wageni wananunua. Tumewaona pia akina mama wa Acholi Quarter kule Banda, waliokimbia vita vya kaskazini, wakisokota shanga kutoka karatasi kuukuu. Tangu 2004 shirika la BeadforLife lilipeleka shanga za akina mama wa Kampala hadi Marekani. Karatasi ya kutupwa imelipa karo za watoto wengi mjini humu.

Lakini mimi nasema, na wazee wengine hawakubaliani nami: kadi ya kwanza usiiuze. Wala ya pili. Mtu anayeanza na soko anaanza kumwogopa mnunuzi. Anataka nyota iwe sawa kwa sababu mgeni asiyemjua anaitaka sawa, na mwisho tunabaki na kadi arobaini zinazofanana na shangazi mmoja aliyekufa moyo. Kwanza mtu amwandikie mtu wake. Mkono ukishazoea, kaeni na penseli mhesabu karatasi, bahasha, gundi, nauli na saa mlizokaa, ndipo mtaje bei. Wengi wanasahau saa. Wanahesabu gundi, wanajisahau wenyewe.

Na kuna kitu kingine nimekiona, sitataja ni wapi. Mnunuzi anataka nyuma ya kadi iandikwe habari ya aliyeitengeneza: ni mkimbizi, mumewe aliuawa, ana watoto sita. Anasema inasaidia kuuza. Pengine kweli inasaidia. Lakini muulizeni mama mwenyewe kwanza, tena bila mnunuzi kuwepo, na akisema hapana iwe hapana. Ushuhuda ni wake autoe madhabahuni akipenda. Jina lake na neno "Kampala" vinatosha nyuma ya kadi.

Mambo ya safari, halafu nikae chini. Bahasha msizifunge kwa gundi kabla ya mpaka, maana ukiulizwa Busia au Mutukula umebeba nini, ni rahisi kufungua na kuonyesha kuliko kuchana. Zifungeni pamoja kwa mji, ziwekwe ndani ya kitu kisichopitisha maji, jina la mpokeaji na simu yake viandikwe nje kwa kalamu isiyochujuka. Zitoke Kampala kabla ya wiki ya pili ya Desemba, kwa sababu baada ya hapo mabasi yanajaa na kila abiria ana kuku wa mtu mwingine. Matawi yatakayopokea wachague mtu mmoja wa kugawa, asiwe mchungaji, mchungaji ana mengi.

Akina dada wa Goma wametuma neno kwamba zile za mwaka jana ziliingia maji njiani, wakazianika juu ya meza ya kanisa, na zote isipokuwa tatu zilisomeka. Hizo tatu tunazitengeneza upya Jumamosi hii saa nane mchana. Wenye mikasi waje nayo.