Pikipiki Kuukuu na Mafuta Yake

Leo twapenda kuzungumza habari za pikipiki kuukuu, hasa kwa ajili yao wakaao Sibwesa na vijiji vingine vya Katavi, ambako mgonjwa hupakiwa juu ya pikipiki usiku kupelekwa zahanati, na injini ikizimika njiani msaada u mbali.

Kabureta ni chombo kichanganyacho petroli na hewa. Ratili moja ya petroli yahitaji hewa kadiri ya ratili 15 ipate kuungua sawasawa. Petroli ikipungua, injini hukohoa na plagi huwa nyeupe. Ikizidi, plagi hujaa masizi na moshi mweusi hutoka.

Pikipiki ikienda mwendo kidogo, ikazimika, kisha ikawaka baada ya kupumzishwa, tusianze kwa kufungua kabureta. Tufungue kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitishia hewa. Vumbi la kiangazi likiliziba, petroli haishuki. Tumeona kabureta nyingi zikifunguliwa bure kwa sababu ya tundu hilo.

Tundu likiwa wazi, ndipo tufunge bomba la petroli na kufungua kikombe cha kabureta, mbali kabisa na moto na taa ya utambi. Humo chini hukaa maji na mchanga vilivyokuja pamoja na petroli ya madumu. Jeti iliyoziba ipulizwe, wala isichokonolewe kwa waya wa chuma, maana tundu lake likipanuka hata kidogo, pikipiki itakunywa petroli kama ng'ombe aliyefika mtoni.

Lakini injini isiyowaka hutuchelewesha tu. Akseli isiyorudi hutuua. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tuzungushe mkono wa akseli mpaka mwisho, kisha tuuachilie: sharti urudi wenyewe upesi. Halafu tuwashe injini, tugeuze usukani kulia na kushoto. Mlio ukipanda, waya wa akseli umekazwa mno au umepitishwa vibaya. Waya uliokatika nyuzi haufai kupakwa mafuta ukaitwa mzima, ununuliwe mwingine.

Na akseli ikikwama katika mwendo, tusishindane nayo kwa mkono. Tubane klachi, tuzime injini, tushike breki mpaka pikipiki isimame. Kisha tuikokote hadi kijijini, hata kama abiria ana haraka.