Washirika wa vita, kila mmoja na lake
Ukisimama ufukweni Muhuru Bay, pale omena wanapoanikwa, Tanzania iko mwendo mfupi tu kusini. Mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, hapo palikuwa mpaka wa Mwingereza na Mjerumani. Septemba mwaka huo Wajerumani waliuvuka wakafika Kisii, na meli zikapigana ziwani karibu na Karungu.

Uingereza na Ubelgiji zilikuwa upande mmoja. Lakini tazama, msikilizaji, mbio zao za 1916: Julai Waingereza waliiteka Mwanza, Septemba Wabelgiji, chini ya jenerali wao Charles Tombeur, wakaingia Tabora. Ubelgiji haikuwa na haja kubwa na Tabora yenyewe. Ilitaka ardhi ya kubadilishana na Ureno, ipanue njia yake ya baharini kwenye mdomo wa Mto Kongo. Uingereza iliitaka Tanganyika. Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakagawana koloni hilo la Mjerumani: Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, sehemu kubwa iliyobaki kwa Mwingereza.

Wapagazi wa Kavirondo, eneo hili la kando ya ziwa, waliobeba mizigo ya majeshi, hawakuitwa mezani. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi. Hilo ni deni. Kama nyumbani kwako yuko mzee mwenye simulizi za kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi (Carrier Corps), keti naye leo, uziandike.