KUKIMBIA BARAFUNI KWA AJILI YA WENGINE: SISI TUNAJIFUNZA NINI?

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya tarawehe)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, kuna jambo nikikwambia utacheka. Wako watu wanaolipa pesa nyingi ili waende wakaumie na baridi! Kule Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, kuna marathon ya kilomita 42.195, masafa yale yale ya Nairobi na London, ila hii hukimbiwa juu ya theluji. Mwanzilishi wake ni Richard Donovan, mtu wa Ireland, ambaye mwaka 2002 alikimbia marathon peke yake katika Ncha ya Kaskazini.

Wakimbiaji hukutana Punta Arenas, Chile. Hapo hupanda ndege, ikaruka masaa manne na zaidi, ikatua juu ya barafu tupu mahali paitwapo Union Glacier. Hakuna mti, hakuna kijiji. Baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo ukivuma mwili huhisi zaidi ya hapo. Friza ya nyumbani ya kugandishia nyama huwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Basi piga picha wewe umo ndani ya friza, na bado unatakiwa ukimbie masaa matano, sita.

Utadhani dawa ni kuvaa makoti mazito. La! Adui mkubwa kule ni jasho. Ukikimbia mbio sana ukaloa, kisha ukapunguza mwendo, lile jasho linageuka barafu mwilini mwako. Kwa hivyo huvaa nguo nyepesi tabaka kwa tabaka, na ya juu huzuia upepo. Ukizembea, damu hupungua vidoleni ili moyo upate joto, na nyama ya vidole hufa. Muingereza Ranulph Fiennes yalimpata hayo mwaka 2000 alipokuwa akielekea Ncha ya Kaskazini. Ncha za vidole vyake zilikufa, na baadaye akazikata kwa mkono wake mwenyewe.

Na kwetu sisi wa madrasa liko suali jengine: mwezi wa Disemba jua la kule halizami kabisa. Maghrib itakuwa saa ngapi? Wanazuoni wametegemea hadithi ya Dajjal, ile ya siku itakayokuwa kama mwaka, ambapo Maswahaba waliuliza juu ya swala wakaamrishwa wakadirie nyakati. Tazama jinsi dini yetu ilivyokamilika! Hata barafuni swala haina likizo.

Sasa haya yote ni ya nini? Wengi wao hukimbilia hisani. Mtu hupitisha fomu kwa jamaa na wenzake wa kazini, kila mmoja akaahidi kiasi fulani akimaliza, na pesa zikaenda kwa wagonjwa au mayatima. Huyo huyo Fiennes alipatwa na mshtuko wa moyo mwezi wa Juni 2003, akapasuliwa. Kabla ya mwaka huo kwisha, yeye na daktari Mike Stroud walikimbia marathon 7 kwa siku 7, wakiruka kwa ndege kutoka bara hadi bara, kuchangisha pesa za British Heart Foundation, shirika linalopambana na maradhi ya moyo.

Lakini ndugu msomaji, usimalize kushangaa ukalala. Uliza kama muislamu. Safari ya Antaktika hugharimu zaidi ya dola elfu kumi. Je, si afadhali pesa hizo apewe maskini moja kwa moja? Kwa maoni yangu, akijilipia mwenyewe na michango ikafika yote, huyo amejitolea mali na mwili. Lakini nauli ikitoka katika michango na waliotoa hawakuambiwa, basi hiyo ni hiana hata akimaliza wa kwanza.

Nasema haya kwa sababu yamenipata. Miaka iliyopita sisi vijana wa mtaa tuliandaa matembezi ya kumchangia mtoto aliyehitaji kupasuliwa jicho. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Tukatembea, tukapiga picha, tukanywa soda. Kuja kuhesabu, fulana na soda zimekula zaidi ya theluthi! Hakuna aliyeiba hata shilingi. Lakini mamake mtoto alipokuja kuuliza, nilimwambia, "Bado twakusanya, mama." Wallahi hatukuwa twakusanya. Nilikuwa naogopa kumuonyesha daftari.

Nikamwendea maalim wangu wa madrasa nikitaka aniombee dua. Akanambia, "Rudisha kwanza haki ya watu, dua itakuja nyuma." Tukachangishana mifukoni mwetu miezi miwili mpaka pengo likazibwa. Mtoto alitibiwa, alhamdulillah, lakini alikuwa amekosa muhula mzima wa shule kwa sababu ya fulana zetu.

Basi ukitaka kuandaa mbio, matembezi au hata futari ya hisani, shika haya:

Kwanza, nia. Quran katika Suratul Baqara imesifu sadaka ya dhahiri, na ya siri ikaitaja kuwa ni bora zaidi. Ukitangaza, tangaza shida ya mgonjwa, si sura yako.

Pili, gharama zitafutiwe mfadhili wake mbali. Na zaka usiiguse kwa fulana. Wenye haki nayo ni mafungu manane, yametajwa katika Suratut Tawba.

Tatu, daftari lishikwe na watu wawili, na hesabu isomwe msikitini mbele ya watu.

Nne, aliyeahidi afuatwe mpaka atoe. Ahadi haimlipi daktari.

Ndugu yangu, baridi ya Antaktika humalizika mtu akiingia hemani. Amana haimalizikii hemani. Mwezi huu tunavumilia njaa na kiu ambavyo hakuna avionaye ila Allah. Tukiweza hivyo, hatushindwi kuchunga shilingi ya mtoto mgonjwa.

Allah atutakabalie saumu zetu na atujaalie kuwa waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.