Viasi Vilivyozama Manza

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani kama askari wa Wadachi, katika vita vya 1914 hadi 1918, walikuwa na bunduki njema. Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu mbele yenu nyote.

Mwanzoni wengi wao walichukua bunduki fupi ya namna ya mwaka 1871. Hutiwa kiasi kimoja tu kwa mara moja, chenye baruti nyeusi na risasi ya upana wa milimita 11. Kwa karibu risasi ile nzito ilimwangusha mtu papo hapo. Lakini moshi wake! Kila askari apigapo, wingu hupanda juu ya vichaka, na adui mwenye baruti isiyo na moshi hujua mara pa kulenga. Kwa hiyo bunduki za Kiingereza zilizookotwa Tanga, Novemba 1914, zilipokewa kwa furaha kubwa.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli Rubens, iliyojisingizia kuwa ya Denmark, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, nayo imejaa bunduki mpya na viasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaipiga mizinga. Nahodha Christiansen akaizamisha penye maji machache. Waingereza walipoiona inawaka, wakaenda zao. Ndipo watu wakapiga mbizi na kutoa makasha.

Furaha ile haikudumu. Kiasi kina fataki kwenye kitako chake; sindano ya bunduki huipiga, nayo huwasha baruti. Maji ya chumvi yalikwisha kupenya ndani, na madhara hayakuonekana siku ile. Kadiri siku zilivyopita, ndivyo viasi vilivyozidi kugoma. Basi ikawa kazi ya miezi: kufungua viasi kimoja kimoja, kusafisha baruti, na mahali pengine kutia fataki mpya. Kwa maoni yetu mafundi wale wanastahili sifa sawa na wapiganaji, ingawa vitabu huwapa mstari mmoja tu.

Kisha viasi vikajaribiwa na kutengwa. Vilivyo bora vikawekewa bombom, maana bombom hujitia kiasi kwa nguvu ya kile kilichotangulia. Kimoja kikigoma, yote hunyamaza. Vile ambavyo hadi 20 katika 100 hugoma vikapewa askari kwa vita. Vibaya zaidi vikawa vya kujifunzia shabaha.

Fikirini, kimoja katika vitano! Askari amelala majanini, adui yu hatua 50 mbele, naye afyatua, asikia mlio mdogo wa chuma tu. Hajui kama baruti imekufa au imechelewa kushika moto. Akifungua upesi, huenda ikamlipukia usoni. Akingoja, adui amekwisha kufika.