King'ora cha Nyumbani na Matunzo Yake
(Maneno ya afisa wa elimu kwa watumiaji mbele ya mkutano wa wakazi, Dar es Salaam)



Nimeombwa niseme juu ya ving'ora vya nyumbani, na kwa ruhusa yenu nitaanza na king'ora ambacho hakikulia. Alikuja ofisini kwetu mama mmoja mjane, mkononi ana stakabadhi ya mfumo alioununua miaka sita nyuma. Siku hiyo mtaa wao ulikuwa hauna umeme tangu adhuhuri. Usiku wa manane wezi waliingia kwa mlango wa jikoni, wakapita mbele ya kihisi kilichokuwa ukutani, wakachukua televisheni, mtungi wa gesi, na vyerehani viwili vilivyokuwa vikimpatia riziki. Hakuna kilicholia. Fundi tuliyemwomba akifungue kisanduku alikuta betri imevimba ubavu, na ilikuwa ni ile ile ya siku ya kwanza. Tulipomuuliza zaidi, mama akakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa kibao cha namba kilikuwa kikitoa mlio mfupi. Kila ulipotoka, mwanawe alibonyeza kitufe akaunyamazisha.

Mlio ule ulikuwa ndio taarifa yenyewe.

Wengi wetu tukishalipa gharama ya kufungiwa king'ora, tunakihesabu kama kufuli: kimefungwa, kimekwisha. Lakini kufuli halitumii umeme. Betri ya kawaida ya kisanduku cha king'ora ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Mfumo unaovuta thuluthi moja ya ampea, betri mpya itaubeba kama saa 20. Betri iliyochoka ikabakiwa na nusu ya nguvu itaubeba kama saa 10, na mama yule alihitaji zaidi ya hizo. Betri za aina hii kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto hufupisha umri wake. Kwa hiyo kisanduku kilichowekwa juu ya dari, chini ya bati, kiko mahali pabaya kabisa. Wala si lazima umeme wa mtaa ukatike. Luku ikiisha ninyi mkiwa safarini, hali ni ile ile.

Basi mwambieni fundi aandike tarehe juu ya betri siku anapoiweka. Na mara moja kwa mwezi fanyeni jaribio. Kwanza pigieni simu kampuni ya ulinzi, kama mnayo, na mwaarifu majirani. Kisha zimeni swichi inayopeleka umeme kwenye mfumo, subirini saa mbili, tegeni king'ora, fungueni mlango, sikilizeni. Sauti ikiwa dhaifu au ikikatika, iteni fundi. Msikifungue kisanduku wenyewe, kwa kuwa ndani yake unaingia umeme wa volti 230. Betri kuukuu nayo isitupwe jalalani, maana ina risasi na tindikali; irudishwe kwa muuzaji.

Nije kwenye vihisi. Kile cha mlangoni ni kitu chepesi: sumaku kwenye mlango, swichi ndogo kwenye fremu, vikiachana king'ora kinalia. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1853 Mmarekani Augustus Russell Pope alipata hataza ya kengele ya umeme iliyolia mlango au dirisha lilipofunguliwa. Kasoro yake kubwa ni mlango wa mbao unaovimba wakati wa masika, vipande vikasogea mbali.

Kihisi cha ukutani ndicho kinachotuletea malalamiko mengi zaidi. Hakimwoni mtu kama jicho limwonavyo. Hutambua joto linalotembea. Humtambua upesi anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia uso kwa uso, na hakioni kupitia kioo cha dirisha. Hapa kwetu pwani, chumba kilichofungwa mchana wa Januari hukaribia joto la mwili wa binadamu, na hapo kihisi duni hupungukiwa na uwezo. Muulizeni muuzaji kama kihisi chake kinajirekebisha kulingana na joto la chumba. Akishindwa kujibu, mmeshapata jibu.

Kisha yuko mjusi. Nacheka, lakini simfanyii mzaha: mjusi anayetambaa juu ya uso wa kihisi, au buibui aliyejenga hapo, huweza kuwaamsha mtaa mzima saa nane za usiku. Hali kadhalika pazia linalopeperushwa na feni, na jua linaloingia moja kwa moja. Usiku wa kwanza majirani hutoka na tochi. Usiku wa tatu hugeuka upande wa pili wa kitanda. Mwishowe mwenye nyumba naye huchoka, akaacha kukitega kabisa, na bado analipa ada ya kila mwezi. Kwa maoni yangu king'ora kinacholia ovyo ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kimewafundisha watu wasisikilize. Dawa yake ni ndogo: futeni vihisi kwa kitambaa kikavu na laini, zibeni matundu yanayopitisha waya, msivipulizie dawa ya wadudu, na fundi akihamishe kile kilichoelekea dirishani. Kila kikilia bila sababu, andikeni siku, saa, na eneo lililoonyeshwa kwenye kibao. Orodha hiyo humsaidia fundi kuliko maelezo marefu.

Juu ya namba ya siri sitachelewa. Namba ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile, kwa kuwa imechapishwa katika kitabu cha maelekezo. Ibadilishwe tena kila anapoondoka mtu aliyeijua: mpangaji, dada wa kazi, mlinzi. Tena tazameni vitufe vyenyewe. Vinne vikiwa vimechakaa na vingine vingali vipya, mgeni yeyote ameshapata nusu ya siri. Mifumo mingi ina namba ya pili, ya kutumia mtu anaposhurutishwa kukizima: king'ora kinanyamaza, lakini taarifa inakwenda kimya kimya. Kila mtu mzima wa nyumba aijue.

Mifumo inayopiga simu au kutuma ujumbe ina laini ndani yake. Laini hiyo huhitaji salio, na isipotumika muda mrefu huweza kufungwa na mtandao. Tumeona nyumba ambazo laini ilisajiliwa kwa jina la fundi. Fundi akihama, au mkigombana, mlinzi wenu amebaki mikononi mwake. Isajiliwe kwa jina lenu.

La mwisho ni mkataba. Kabla ya kutia saini ulizeni vifaa ni vya nani, vyenu au vya kampuni. Ulizeni pia iwapo mkataba unajirefusha wenyewe, na notisi ya kuuvunja ni ya siku ngapi. Mwombeni muuzaji aandike ni nani anayetengeneza, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. Daini namba ya fundi, ile inayofungua mipangilio ya mfumo. Msipokabidhiwa, hamtaweza kubadili kampuni bila kununua upya. Muuzaji akisema walinzi watafika kwa dakika kadhaa, dakika hizo ziandikwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, lakini ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha.

Mama yule hakuwa na mkataba, ila stakabadhi tu, na haikutaja betri wala matengenezo. Tulimwandikia muuzaji barua. Akakubali kuweka betri mpya bila malipo. Vyerehani havikupatikana.

King'ora kikilia kweli, msitoke kumkabili mtu gizani. Jifungieni, pigeni 112, mpigieni jirani. Na mkija ofisini kwetu kulalamika, njooni na stakabadhi, mkataba, na ile orodha ya siku na saa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.