Chenga za Miti: Kazi ya Vijana Wetu na Fedha za Michango Yetu

Maneno ya Kamati ya Uchumi na Vijana katika mkutano mkuu wa mwaka



Kamati yenu imepewa nafasi hii kuzungumzia ombi la vijana wetu wa Musoma, Bunda na Butiama. Wanataka chama kiwanunulie mashine ya kukatakata matawi ya miti kuwa chenga, ili wauze. Ombi ni zuri. Lakini fedha ni zenu, na kabla hamjafungua pochi mna haki ya kujua biashara hii inauza nini, kwa nani, na inaweza kukwama wapi.

Tuanze na malighafi. Nyumbani hatukosi matawi. Miembe hupogolewa, mijohoro ya uani hupunguzwa, migrevilea ya mipakani hukatwa matawi ili inyooke, na miti iliyo chini ya nyaya za umeme hukatwa kila inaporefuka. Sehemu kubwa ya matawi hayo huchomwa moto palepale. Tena kwenye karakana za maseremala mjini Musoma kuna maranda na vumbi la mbao.

Sasa soko. Wateja wa karibu kuliko wote ni wafugaji wa kuku. Banda linahitaji matandiko makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, nayo hubadilishwa kila kundi la kuku linapoondoka. Mfugaji huyo ni mteja wa kurudi. Ila hapokei kitu chochote tu. Chenga mbichi huota ukungu, na ukungu huwaua vifaranga kwa ugonjwa wa mapafu. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa hazifai kabisa. Anayetaka soko hili awe na kichanja na turubai, na awe na subira ya kukausha.

Mteja wa pili ni mkulima wa bustani na matunda. Chenga zikitandazwa juu ya udongo huzuia maji yasikauke upesi na hupunguza magugu. Kwa mashamba yetu ya kando ya ziwa, ambako jua la Januari halina huruma, hilo si jambo dogo. Mkulima aelezwe mambo mawili: asizisogeze hadi kugusa shina, na asizifukie udongoni zikiwa mbichi, kwa sababu zinapooza hula naitrojeni ambayo mmea ungeitumia.

Mteja wa tatu, ambaye vijana wengi humtaja wa kwanza, ni wa nishati. Hapa tunaomba tuwe waangalifu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi kubwa zimekwisha kuagizwa ziache kuni na mkaa. Kuanzisha biashara mpya kwa kutegemea jiko la kuni la shule ni kupanda basi linaloelekea gereji. Mkaa mbadala wa vumbi na chenga una nafasi yake, lakini unahitaji tanuri, gundi na mashine ya kushindilia. Hiyo ni biashara nyingine, na tusiibebe siku moja na hii.

Lipo pia suala la usafiri. Mita moja ya ujazo ya chenga mbichi ina uzito wa takriban kilo 300, na karibu nusu ya uzito huo ni maji. Gari linajaa kabla halijalemewa, na mafuta yanalipia kubeba maji. Kwa hiyo chenga za Butiama ziuzwe Butiama na Kiabakari, za Bunda ziuzwe Bunda. Anayepiga hesabu ya kupeleka Mwanza apige tena.

Kuhusu sheria. Matawi ya uani kwako hayana shida kubwa, lakini mazao ya misitu yana vibali vyake vya kuvuna na kusafirisha chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Vijana waende kwanza kwa ofisa misitu wa wilaya na Wakala wa Huduma za Misitu, kisha TRA kwa namba ya mlipakodi, na halmashauri kwa leseni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito; huko tusionekane na panga. Hifadhi ya Serengeti haiguswi. Wala msitu wa Muhunda pale Butiama, ambao wazee waliutunza kwa heshima kabla ya ofisa misitu yeyote kufika.

Tunasema haya kwa sababu mashine ina njaa. Ikishanunuliwa inataka kulishwa kila siku, na matawi yakiisha, macho yataanza kuangalia mashina. Chama kilichopanda miti mashuleni hakiwezi kuwa ndicho kinachonunua kifaa cha kuimaliza.

Ndugu zetu wa Bunda wameuliza kuhusu miti ya pamba inayobaki shambani. Maelekezo ya zao hilo ni kung'oa na kuchoma baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu. Kuikata chenga na kuihifadhi kunaweza kuwahifadhi wadudu pia. Bila ruhusa ya ofisa ugani, tuiache.

Kuhusu mashine yenyewe, tunapendekeza inayoendeshwa na injini ya dizeli kama zile za mashine za kusaga nafaka. Fundi wake yupo kila senta, na vipuri vinapatikana. Visu viwe seti mbili, kwa sababu tawi lililoburutwa kwenye mchanga hulitia butu kali lolote, na msumari mmoja huweza kumaliza kazi ya wiki. Usalama si mapambo: miwani, glavu, viziba masikio, hakuna kanga wala mikono ya shati inayoning'inia, na injini izimwe kabla ya kuzibua. Mnyaa usiingizwe kabisa. Kila mtoto wa Mara anajua utomvu wake unavyofanya jichoni. Mashine itaurusha usoni kama mvua.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza hatua tatu. Kwanza, vijana waanze bila mashine: wakusanye maranda ya maseremala, wayachekeche, wayakaushe, wayafungashe na kuwauzia wafugaji kwa miezi sita, huku wakiandika kila gunia kwenye daftari. Pili, daftari likionyesha wateja wanaorudi, chama kikodi mashine kwa msimu mmoja wa kupogoa. Tatu, ndipo tununue, nayo iwe mkopo kwa kikundi, wala si zawadi, ili marejesho yahudumie wilaya inayofuata. Vikundi vya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu wasisahau pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Michango tunayoomba mwaka huu ni ya hatua ya kwanza na ya pili tu: chekeche, magunia, mizani, turubai, vifaa vya usalama na kodi ya mashine. Anayeweza fedha alete fedha. Mwenye karakana atupe maranda. Mwenye banda la kuku akubali kuwa mteja wa majaribio, na atuambie ukweli kama mzigo ni mbovu.

Mkutano wa mwakani tutawasomea daftari hilo, gunia kwa gunia. Likionyesha faida, tutawaomba mashine. Likionyesha hasara, tutawaambia hivyo hivyo, na fedha ya mashine itakuwa bado mifukoni mwenu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vingi navyo vinahitaji kujua chawa yuko wapi.