Kuchagua Nchi Kabla ya Kuchagua Chuo

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika)



Kila mara matokeo ya kidato cha sita yakitoka, ofisi yetu hupokea barua za kuwaombea vijana msaada wa kusoma nje. Nyingi hutaja nchi tu: Ujerumani, India, China. Naomba tutazame uamuzi huu unavyofanyika.

Mwaka 2002 watafiti Mazzarol na Soutar walichapisha utafiti juu ya wanafunzi kutoka Indonesia, Taiwan, China na India. Walieleza hatua tatu. Kwanza, kijana huamua kutoka nyumbani, kwa mfano akiona kozi haipo au nafasi ni finyu. Pili, huchagua nchi. Hapa gharama na maneno ya wazazi na jamaa yana uzito. Tatu, ndipo huchagua chuo.

Wengi wetu tunajikwaa hatua ya pili. Tuchukue Ujerumani. Tunasikia kusoma huko ni bure, na ni kweli vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada. Lakini tangu 2017, jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wengi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tena, kufikia Septemba 2024, mwombaji viza asiye na mfadhili alitakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka. Shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Familia iliyouza shamba ili kupata nauli itazitoa wapi fedha hizo?

Kwa hiyo, kabla ya kugonga mhuri, kamati iulize:

1. Je, kozi hii haipatikani nchini?
2. Je, chuo kinatambulika, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) itaitambua shahada yake?
3. Atasoma kwa lugha gani, na ameanza kujifunza?
4. Nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu?

Kuuliza si kumvunja kijana moyo. Anayekwama ughaibuni mwaka wa pili hurudi bila cheti, na nyumbani shamba halipo tena. Mhuri wa usharika ni dhamana mbele ya familia na mbele ya wahisani. Barua yenye majibu ya maswali haya manne tutaitetea kwa ujasiri.